Kappa, oni na yūrei wa Japani: je, wote tuwaite mashetani?

Msomaji wa Himbi, Goma

Ndugu zangu, ninawasalimu nyote. Kila Jumamosi alasiri ninawasomea hadithi vijana wa mtaa wetu, wapatao ishirini, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15. Tunakaa katika chumba cha mbao ambacho jirani ametuazima, na kwa miezi miwili sasa tumekuwa tukisoma hadithi za Japani kutoka katika kitabu kikuukuu cha Kifaransa ambacho jalada lake limekwisha kung'oka. Vijana wanazipenda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu viumbe hao wameshawaona katika katuni, na sasa wanataka kujua walikotoka.

Shida yangu ni ya maneno. Kitabu hiki hutumia maneno manne au matano ya Kifaransa bila mpangilio ninaoweza kuufuata: kiumbe yule yule huitwa «démon» katika ukurasa mmoja na «esprit» katika ukurasa wa pili. Mimi, kwa haraka ya kutafsiri papo hapo, niliamua kuwaita wote mashetani. Kappa nikamwita shetani wa mtoni, oni nikamwita shetani mwenye pembe, na yule mwanamke wa theluji nikamwita shetani wa baridi. Siku chache baadaye mama mmoja alinijia, akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaniambia kwa upole kwamba binti yake amekataa kuteka maji ziwani. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa ameshuka hadi kwenye mawe, akaliweka bidoni lake chini, akasimama akiyatazama maji kwa muda mrefu, kisha akarudi nyumbani na bidoni tupu. Alipoulizwa, alijibu: «Mwalimu amesema shetani wa maji huwavuta watoto.»

Nina maswali mawili. La kwanza, je, katika Kiswahili chetu kuna maneno yanayoweza kuwatenganisha viumbe hawa bila kuwatia wote katika kapu moja la ushetani? La pili, vijana wamesoma habari za mchezo wa kusimulia hadithi mia moja usiku, na wananisumbua tuucheze. Anayejua kanuni zake anieleze.

Mwalimu wa Ndendere, Bukavu

Mwalimu mwenzangu, pole kwa yaliyokupata, na mfikishie salamu zangu mama yule, kwa kuwa alikuja kwako kuuliza badala ya kwenda kukusema kwa majirani.

Nianze na neno shetani, maana ndilo lililokuponza. Katika masikio ya watoto wetu, wawe ni wa kanisani au wa msikitini, kazi ya shetani inajulikana: ni adui wa Mungu, na lolote alifanyalo lengo lake ni kumpoteza binadamu. Ukimwita kappa shetani, umekwisha kumpa nia ambayo Wajapani hawakumpa. Katika masimulizi yao kuna mlima, mto, daraja, choo cha nje na ghala la zamani, na kila mahali pa namna hiyo huenda pakawa na mwenyewe. Mwenyewe huyo ana hasira zake, ana njaa yake na mizaha yake, na mara nyingine ana adabu kukuzidi wewe uliyepita kwake bila kubisha hodi.

Jina la jumla la viumbe hao ni yōkai, linaloandikwa kwa alama mbili ambazo zote hubeba maana ya jambo la ajabu, lenye kutia shaka. Yūrei ni kitu kingine: ni mtu aliyekufa. Alikuwa na jina, ana kaburi, na kuna jambo lililomkwaza hata asiweze kuondoka. Mtafiti Yanagita Kunio, ambaye mwaka 1910 alichapisha masimulizi ya watu wa Tōno, kaskazini-mashariki mwa Japani, aliwatenganisha kwa namna ambayo hata mtoto anaweza kuikumbuka: yōkai hukaa mahali pake na humtokea yeyote apitaye, hasa magharibi, giza linapoanza kuingia, yūrei humfuata mtu anayemdai, hata akikimbilia mbali, na huja usiku wa manane. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba mpaka huo una matundu mengi, lakini kwa kazi yako ya Jumamosi unatosha kabisa.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi: yūrei mwite mzimu, oni mwite zimwi, na hao wengine wote waite vioja. Neno kioja limepoa siku hizi, kwa sababu tunalitumia kwa mlevi anayegombana na mbuzi barabarani, lakini maana yake ya asili ni jambo la kustaajabisha ambalo macho yameliona na akili haijalipokea, na kwa kweli silioni neno jingine linalolikaribia yōkai kiasi hicho. Oni ndiye rahisi kuliko wote, maana ana mwili mwekundu au wa buluu, ana pembe, huvaa ngozi ya chui milia kiunoni na hubeba rungu la chuma lenye miiba. Huyo ni zimwi mtupu wa hadithi za bibi zetu. Hata Wanyanga wa upande wa Walikale wanamjua wa aina yake kwa jina la Kirimu, mwenye vichwa saba, ambaye Mwindo, shujaa wa utenzi wao, alimuua na kisha akaadhibiwa na Nkuba, bwana wa radi, aliyekuwa amechanjana damu na Kirimu huyo. Na kama zimwi likujualo halikuli likakwisha, Wajapani wamezoeana na oni kiasi cha kumfanyia sikukuu: mwanzoni mwa Februari, siku ya Setsubun, mtu mzima nyumbani huvaa kinyago cha oni, na watoto humfukuza kwa kumrushia soya zilizokaangwa huku wakipiga kelele kwamba oni watoke nje na heri iingie ndani. Baadaye kila mmoja hula punje za soya kwa idadi ya miaka yake.

Sasa nije kwa kappa, kwa maana binti yule anastahili kuelezwa vizuri. Kappa ana kimo cha mtoto wa miaka sita au saba hivi, mgongoni ana gamba kama la kobe, mdomo wake umechongoka kama wa ndege, na vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata. Utosini pake pana kishimo mfano wa kisahani, kimejaa maji ya mtoni, na nguvu zake zote zimo katika maji hayo. Ni kweli kwamba huwavuta watoto na farasi majini, nami sitakushauri ulifiche jambo hilo. Lakini kappa ana udhaifu mmoja, nao ni adabu: ukimwinamia kwa heshima, hawezi kuacha kukuinamia, na akiinama maji ya kisahani humwagika, akabaki amelegea kama nguo iliyolowa. Ukimjazia tena maji hayo, atakuwa na deni kwako, na kappa halipuuzi deni. Zipo koo zilizodai kwamba ufundi wao wa kuunga mifupa walifundishwa na kappa aliyekatwa mkono alipokuwa akimvuta farasi, akaja usiku kuuomba mkono wake na kulipa kwa dawa. Isitoshe, anapenda sana matango. Hata sushi ile iliyoviringishwa na tango ndani hadi leo huitwa kwa jina lake, kappamaki.

Usiwasahau pia wale wa baharini, funayūrei, yaani wafu waliozama na chombo. Hukijia chombo usiku wa ukungu na kuomba kata ya kuchotea maji, na ukiwapa watachota bahari na kuimimina ndani mpaka mzame nanyi. Mabaharia waliojua mambo walibeba kata iliyotobolewa chini, wakawapa hiyo. Katika mji kama Goma, ambako usiku taa za wavuvi wa sambaza zinaonekana zimetapakaa juu ya maji, hadithi hiyo haihitaji maelezo marefu.

Swali lako la pili nawaachia wenye ujuzi nalo.

Baharia wa Kituku, Goma

Mimi si mtu wa vitabu, ila nimefanya kazi miaka mingi katika boti za Goma na Bukavu, na hiyo habari ya kata iliyotobolewa imenifurahisha sana. Ningependa tu kuongeza kwamba mwenye akili pale ni yule aliyekumbuka kubeba kata mbili. Chombo kinachovuja huhitaji kata nzima, na usiku wa mawimbi, mikono ikiwa imekufa ganzi, ni rahisi mno kumpa mgeni ile nzima na kubaki na ile yenye tundu. Mwalimu, ukiwasimulia vijana hadithi hiyo, waambie kwamba kata yenye tundu ilifungwa kamba nyekundu, au alama nyingine yoyote, vinginevyo mtoto wa mvuvi atakuuliza.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi

Mama Mwalimu wa Bukavu amesema vizuri, nami namuunga mkono katika zimwi na katika vioja. Katika mzimu, aniwie radhi, ninampinga, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha swali.

Mzimu kwetu ni mtu wa nyumbani. Ni babu aliyetangulia, ambaye jina lake amepewa mjukuu, na ambaye ukipata tabu unajiuliza kama hukumkosea. Unaweza kumwogopa, lakini humkimbii, kwa sababu utamkimbia babu yako uende wapi? Wajapani nao wanao wafu wa namna hiyo, na katikati ya Agosti, kwa kawaida kuanzia tarehe 13 hadi 16, huwakaribisha nyumbani katika sikukuu ya Obon. Familia huwasha moto mdogo mlangoni ili wageni wasipotee njia. Juu ya meza ya wahenga huweka tango na bilinganya, kila moja likiwa limechomekwa vijiti vinne vya miguu: tango ni farasi wa kuwaleta upesi, na bilinganya ni ng'ombe wa kuwarudisha polepole, kwa maana hakuna anayetaka waharakishe kuondoka. Mwishoni huwasindikiza kwa moto tena, na sehemu nyingine huelea taa za karatasi mtoni zikienda na mkondo. Hao ndio mizimu kwa maana yetu halisi, na mtoto wa Himbi akisikia neno hilo hatakosea.

Yule anayesimuliwa katika hadithi za kutisha ni mfu mwingine. Ni mtu aliyekufa na dukuduku, na mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi zaidi ni mwanamke aliyedhulumiwa na mwenye cheo. Mchukueni Okiku. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya samurai aliyekuwa na sahani kumi za thamani kubwa. Bwana yule alimtaka, msichana akakataa. Bwana akaficha sahani moja, akamwita azihesabu mbele yake. Akahesabu tisa, akarudia, akapata tisa tena, naye alijua kwamba adhabu ya kupoteza sahani ile ni kifo. Alipokataa kwa mara ya mwisho, alitupwa kisimani. Tangu usiku huo sauti ilisikika kutoka chini ya kisima ikihesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka tisa, kisha kimya kifupi, kisha kilio. Katika masimulizi mengine, mtu mmoja mwenye busara alijificha kando ya kisima, na sauti ilipofika tisa akaitikia kwa nguvu, «Kumi!», na tangu hapo pakawa kimya. Katika ngome ya Himeji wageni huonyeshwa hadi leo kisima kinachoitwa cha Okiku. Msichana huyo si mzimu wa mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyemwashia moto mlangoni. Kwa hiyo mimi ningemwita mzuka, kwa sababu huzuka mahali na wakati usiomtarajia, na neno hilo halimhusishi na babu wa mtu.

Mtakapomchora, mkumbuke kwamba mzuka wa Kijapani ana sare. Huvaa kanzu nyeupe ya maziko, nywele zake ndefu nyeusi zimefumuliwa, mikono inaning'inia kutoka viganjani kana kwamba imevunjika, naye hana miguu. Mwili unaishia hewani kama moshi. Kukosa miguu huko kwa kawaida hunasibishwa na mchoraji Maruyama Ōkyo, aliyeishi kuanzia 1733 hadi 1795, na kuna michoro yake ya mwanamke wa namna hiyo ambayo iliigwa sana baada yake. Yōkai nao walipata mchoraji wao, Toriyama Sekien, ambaye mwaka 1776 alianza kuwachapisha mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, kana kwamba anaandika kitabu cha wanyama.

Jambo la ajabu zaidi, na hapa ndipo mpaka wangu mwenyewe unapovuja, ni kwamba mzuka mwenye hasira anaweza kupandishwa cheo. Sugawara no Michizane alikuwa msomi na waziri wa mfalme. Wapinzani wake walimsingizia, akapelekwa uhamishoni Dazaifu mwaka 901, na huko akafa mwaka 903. Baadaye watu wa jumba la mfalme wakaanza kufa, yakaja maradhi, na mwaka 930 radi ikapiga jumba lenyewe na kuua maofisa. Serikali haikumwita mganga wa kumfunga. Ilimrudishia cheo chake ingawa alikuwa amekwisha kufa, na mwaka 947 hekalu likasimamishwa huko Kitano, mjini Kyoto. Leo ni mungu wa elimu, anayeitwa Tenjin, na wanafunzi wanaokaribia mtihani huenda kumwomba wafaulu. Sasa mtafsiri atumie neno gani? Ningeandika mzuka mpaka mwaka 930, na mzimu mkuu kuanzia 947, nami nisingeona aibu.

Niongeze la kwetu. Katika miaka ya 1970, sebule nyingi za Lubumbashi zilikuwa na picha ya mamba muntu: mwanamke mzuri kutoka kiunoni kwenda juu, samaki kutoka kiunoni kwenda chini, ameketi ukingoni mwa maji. Nyumbani kwetu alivaa saa ya mkononi, nami nikiwa kijana nilijiuliza sana jinsi saa hiyo isivyoingia maji. Wazee walisema kwamba ukiokota uzi wa nywele zake atakuja ndotoni kuudai, na atakupa utajiri ukitunza siri. Tulimwogopa, tukamtundika ukutani, tukala chakula chini yake, wala hakuna aliyemwita shetani nyumbani kwetu. Walioanza kumwita hivyo walikuja baadaye, na picha nyingi zikashushwa. Ukitaka kuwaeleza vijana kappa ni kitu gani katika maisha ya Mjapani, anza na picha hiyo.

Kijana wa Birere, Goma

Wakubwa wangu, ninawaheshimu wote, lakini naomba niwe mkaidi kidogo. Mimi siamini hata kimoja kati ya vioja hivi, na nimefurahi kugundua kwamba Japani nako alikuwapo mkaidi mwenzangu. Inoue Enryō, aliyezaliwa mwaka 1858, alianzisha mwaka 1887 shule ya falsafa iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Tōyō, na akatumia miaka mingi akizunguka nchi kukusanya habari za yōkai kwa lengo la kuzimaliza. Wenzake walimpa jina la utani la Daktari Yōkai. Watu walipokuwa wakiweka mikono juu ya kimeza chenye miguu mitatu ya mianzi na kukiuliza maswali, wakisema kwamba roho ndiyo inayokiinamisha, yeye alieleza kwamba ni misuli yao wenyewe inayosukuma bila wao kujua. Tatizo ni kwamba kwa kuwakusanya ili awafukuze, aliwahifadhi vioja wengi kuliko mtu yeyote wa wakati wake.

Pamoja na ukaidi wangu, sikubaliani kwamba Mwalimu alikosea kumtisha binti. Hapa Goma tuna mazuku. Tangu zamani wazee walisema ni upepo mbaya unaolala katika mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri, na kwamba mbuzi au mtoto akishuka humo hatoki. Kisha wakaja wataalamu wa volkano na vipimo vyao, wakatuambia kwamba ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mahali pa chini. Neno lao wataalamu likawa lile lile letu, mazuku, na leo linaandikwa hivyo hata katika majarida ya kisayansi ya nchi za nje. Aliyemkataza mtoto kucheza shimoni kwa kumwambia kwamba kuna upepo mbaya alimwokoa sawasawa na yule mwenye kipimo. Japani hadi leo kando ya mabwawa kuna mabango ya kuwaonya watoto wasikaribie maji, na picha iliyochorwa juu yake ni ya kappa. Ziwa Kivu halina kappa, lakini mawe yake yana utelezi, na kwa mtoto asiyejua kuogelea ni lile lile.

Kuna kioja kimoja nawaomba msimwache nje, hasa kwa vijana wa Goma: namazu, kambare mkubwa anayeishi chini ya ardhi, ambaye akitikisa mkia nchi hutetemeka. Mungu wa Kashima amemkandamiza kichwa kwa jiwe, ila kuna wakati hujisahau. Baada ya tetemeko la Edo, yaani Tokyo ya leo, la mwaka 1855 zilichapishwa picha nyingi za kambare huyo kwa muda mfupi sana. Katika baadhi yake, wananchi wamemzunguka na kumpiga kwa chochote walichoshika, huku maseremala na wapaka chokaa wakikimbia kumtetea, kwa sababu tetemeko limewaletea kazi na fedha. Mjomba wangu ni seremala. Lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini tarehe 17 Januari 2002 alipoteza nyumba, kisha akajenga za watu wengine mfululizo, juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto, kwa mbao na mabati yaliyopanda bei kila wiki. Nilipomwonyesha picha ya kambare, aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya seremala aliyechorwa pale pembeni, akasema: «Huyu namjua.»

Mwalimu wa Ndendere, Bukavu

Nimesoma maelezo ya Mzee na nimekubali. Mzimu abaki kuwa wa Obon, na Okiku awe mzuka. Naona sasa kwamba nilivutwa na ukaribu wa maneno, kwa kuwa mitaani kwetu bazimu ni wafu wa kila namna.

Kwa huyu kijana wa Birere, ambaye ukaidi wake una manufaa kuliko imani ya wengi, ninamletea kioja kimoja ambacho huenda akakivumilia. Mwaka 1846, katika jimbo la Higo, ambalo siku hizi ni Kumamoto, karatasi ya habari ya mjini ilichapisha taarifa kwamba kiumbe mwenye magamba, mdomo wa ndege na nywele ndefu alitokea baharini, akajitaja kwa jina la Amabie, akatabiri mavuno mema kwa miaka sita, na akaagiza kwamba yakija maradhi watu waichore picha yake na kuionyeshana. Mwaka 2020, ulipozuka ugonjwa wa korona, Wajapani wakaifufua picha hiyo. Watu wakaichora majumbani na kutumiana, na wizara yao ya afya ikaitumia katika tangazo la kuwahimiza vijana wajikinge. Sisi ambao tumenawa mikono kwenye ndoo zenye mabomba katika kila mlango kwa sababu ya Ebola, tukapimwa joto la paji la uso kabla ya kupanda boti, tungeweza kutumia tangazo lenye uso wa kuchekesha kama ule.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi

Bado swali la pili halijajibiwa. Mchezo huo huitwa hyakumonogatari kaidankai, yaani mkutano wa hadithi mia moja za ajabu, na ulienea sana katika enzi ya Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19. Inasemekana kwamba ulianza miongoni mwa samurai waliotaka kupimana ujasiri. Maelezo ya mwaka 1666 yanaagiza usiku usio na mbalamwezi, na taa iliyofunikwa kwa karatasi ya buluu, yenye tambi mia moja. Kila hadithi moja ikiisha, tambi moja huondolewa, kwa hiyo chumba huzidi kuwa giza kidogo kidogo bila mtu kuona ni wakati gani hasa giza limeingia. Hadithi ya mia ikiisha na tambi ya mwisho ikizimwa, inaaminiwa kwamba jambo la ajabu litatokea. Wengi waliishia ya tisini na tisa, wakakaa pamoja mpaka kukapambazuka.

Nina maonyo mawili. Kwanza, hadithi za mchezo huo hazikuwa ndefu. Nyingi ni za pumzi moja, mambo ambayo msimulizi alisikia yametokea mtaa wa pili. Hata za leo zinafaa. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, mwanafunzi mmoja wa sosholojia aliwahoji madereva wa teksi wa Ishinomaki, na saba kati yao wakamweleza kwamba waliwahi kubeba abiria ambaye hakuwapo walipogeuka. Mmoja alisimulia kwamba mwanamke aliyevaa koti zito, ingawa ilikuwa kiangazi, alimwomba ampeleke katika mtaa uliofutwa na maji. Dereva alipomwambia kwamba huko hakuna kitu tena, sauti ikamuuliza kutoka nyuma kama yeye amekufa. Madereva hao hawakumwita mtu wa kuombea gari. Walizilipa nauli hizo kutoka mfukoni mwao, na wengine walisema kwamba abiria wa namna hiyo akija tena watambeba. Nimeisimulia habari hiyo kwa dereva mmoja wa teksi hapa Lubumbashi, akanyamaza mpaka tukafika.

Pili, chumba chako ni cha mbao. Usiwashe mishumaa mia ndani ya chumba cha mbao chenye watoto ishirini, hata kama Wajapani wote watakucheka. Weka taa moja, na bakuli lenye punje mia za maharage.

Msomaji wa Himbi, Goma

Wazee wangu na ndugu zangu, nimenakili maneno yenu yote katika daftari. Itakuwa zimwi kwa oni, vioja kwa yōkai, mizimu kwa wageni wa Obon na mizuka kwa wenye madai. Kappa atabaki kappa. Nilijaribu kumtafutia jina la Kiswahili, na vijana wenyewe wakalikataa.

Jana nilimwendea yule mama na binti yake, nikamsimulia mtoto habari ya kisahani cha utosini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kappa huinama hata akisalimiwa na mtu aliyebeba bidoni kichwani, kwa sababu mtu huyo hawezi kuinama sana. Nilimwambia kwamba wakati wa kushuka bidoni huwa tupu, na anaweza kuliweka chini kwanza. Mama yake ananiambia kwamba leo ameteka maji, ila amekaa ziwani kuliko kawaida.

Kuhusu hadithi mia, nilipiga hesabu: vijana ishirini, hadithi tano kila mmoja, tungemaliza asubuhi na wazazi wangekuwa mlangoni. Tumepatana kusimulia tisa tu Jumamosi hii, na ya mwisho itakuwa ya Okiku. Sahani tisa nimekwisha kuziazima kwa jirani. Ya kumi alitaka kunipa, nikamwomba aiweke kabatini.